Perege wa Mgeni

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi bwawani. Ukungu mpaka magotini. Nimetupa pumba, nimesubiri, hakuna aliyepanda juu. Maji ni baridi mno. Perege wamejilaza chini kama wanafunzi wenye kipindi cha saa moja asubuhi. Siwalaumu.

Baba amepita na jembe begani, akauliza lile lile la kila siku: "Umeshalisha maji?" Kwake mimi natupa chakula na hakionekani kinakokwenda, basi nalisha maji. Nimemwamkia, nikaendelea kutupa pumba. Mwaka wa tatu huu nasomea ufugaji wa samaki chuo kikuu. Nyumbani Mlola mimi ni mlisha maji tu.

Jumatano, 6 Agosti

Kitalu cha kabichi cha baba kimestawi. Kila nikipita naona miche imeongeza jani. Inanikera.

Bwawa langu la mafunzo limekalia kipande chake kizuri kuliko vyote, kule bondeni. Alinipa kwa sharti. Msimamizi wangu, Dokta Rehema, akija akasema perege wanakua katika baridi hii, bwawa linabaki. Akisita, linafukiwa na kabichi zinarudi. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Miche nayo itakuwa tayari wiki hiyo hiyo. Baba si mtu wa kubahatisha.

Naogopa. Afadhali niandike hapa kuliko kumwambia mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Jua! Jua la kweli, mpaka alasiri. Perege wamepanda juu wakagombania pumba kwa fujo. Nimecheka peke yangu. Mama akauliza kinachonichekesha, nikamwambia. Akasema Mungu atusaidie, binti kasoma mpaka anachekeshwa na samaki.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimevuta wavu. Baridi imeniingia mpaka kwenye meno, lakini nimewapata wale wa alama, niliowapima na kuwakata ncha ya pezi walipokuwa vifaranga. Wamekua! Mmoja kanichapa na mkia usoni. Nimestahili, kwa kumbusu.

Nimewatenga kwenye kizimba cha wavu pale ukingoni. Mzani anakuja nao Dokta. Jumamosi atawapima mbele ya baba, baba aone kwa macho yake, maneno yaishe. Hawa ndio ushahidi wangu wote. Leo najiona mtaalamu kabisa.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nimeenda Lushoto mjini kumpokea Dokta. Gari lake limekwama Soni kwa ukungu, nikasubiri stendi mpaka miguu ikafa ganzi. Tumefika nyumbani adhuhuri. Mkeka umeshatandikwa. Harufu ya samaki wa kukaanga inatupokea mlangoni.

Nikakimbilia bondeni na viatu vyangu vya kutokea. Kizimba kitupu.

Siwezi hata kumlaumu mama. Huku kwetu jogoo akifungwa mguu nyuma ya nyumba, hakuna anayeuliza. Mgeni yuko njiani. Nami niliwafunga perege wakubwa kuliko wote siku mbili kabla ya mgeni wangu, sikusema neno kwa mtu. Mama anang'aa kwa furaha: "Nikajua umeshamchagulia mwenyewe. Kuku anaatamia. Ningempa kabichi Dokta wa watu?"

Dokta akageuza samaki wake sahanini. Akaliona pezi lililokatwa ncha. Akanitazama. Nikatazama mkeka. Akacheka mpaka akaliweka tonge chini. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka naye.

Baba hakucheka. Tukiwa bado tunakula akauliza lake: perege wanakua huku au hawakui? Dokta hakunipendelea hata kidogo. Alisema baridi huchelewesha perege, huku hawawezi kukua haraka kama wa kule Mombo kwenye joto, na hawa wamekua kiasi gani hawezi kusema. "Maana ushahidi, mzee wangu, tumeula."

Basi. Amesita. Mimi ameniambia niandike kila kitu kama kilivyotokea, kisha tukapima waliobaki bwawani, wadogo wadogo wasio na alama. Ripoti yangu itapona. Bwawa ndilo sijui.

Baba hakutoa hukumu. Alikuwa anafyonza kichwa cha perege, kichwa cha pili, mtu yule yule anayesema samaki wa bwawa wananuka tope.

Jumatatu, 18 Agosti

Alfajiri baba ameng'oa miche yote kitaluni. Nimemwona dirishani, tenga kichwani, anaondoka.

Sikutoka nje. Nimekaa jikoni namenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Nimemkasirikia baba, nikamkasirikia mama, nikajikasirikia mwenyewe, mwisho nikamkasirikia hata kuku anayeatamia. Mama aliniacha. Ametazama sufuria ya viazi akasema leo tutakula kama tuna harusi.

Jioni ndipo nimethubutu kushuka bondeni. Bwawa lipo. Halijaguswa. Kabichi amezipanda kwenye matuta ya juu, nyuma ya migomba, mahali ambapo miaka yote anasema pamechoka hapaoti kitu. Amechota maji bwawani kuzimwagilia. Nyayo zake zimejaa kwenye ukingo.

Wakati wa chakula nimemwongezea viazi.

Jumatano, 20 Agosti

Narudi chuo leo. Begi limefungwa. Mama ameweka matunda damu na viazi vya kuchemsha, tena viazi.

Nimeshuka bwawani kuaga kabla ya gari. Ukungu umerudi. Baba alikuwa ameshafika, kopo la pumba mkononi, anatupa kidogo, anasubiri, anatupa tena. Nikamwamkia. Hakugeuka.

"Marahaba. Sema taratibu. Maji yanakula."

Nikasimama kando yake mpaka kopo likaisha.