Swali la Mama Akinyi

Dada Rehema,

Hamjambo nyumbani? Mimi mzima, ila nimechoka. Migori ni mvua na tope tangu Jumatatu.

Nilitumwa kuandika habari za mwalimu wa Suna, hapa Migori, anayewafundisha vijana kuchambua utamaduni wa siku hizi kwa kurasa za intaneti. Kompyuta yake hupiga simu hadi Nairobi ili ipate intaneti, na ukurasa mmoja ulituchukua karibu saa nzima. Ulipofunguka, mwalimu alitambua picha: matanga ya mume wa jirani yake, Mama Akinyi. Chini yake msomi wa ng'ambo ameandika kwamba vijana wa hapa hucheza muziki matangani kwa sababu hawajali tena wafu.

Mwalimu alimwita mjane, akamtafsiria.

"Huyu mtu alifika kwangu?" akauliza. "Basi aseme tulimpa nini akakula. Hakuna mgeni alitoka hapa na njaa."

Tuliusoma ukurasa wote tena. Chakula hakikutajwa.

"Mwalimu, mwandikie hivyo saa hii. Watoto wa watu wanasoma hii maneno juu ya mzee wangu!"

Kabla jibu halijaenda, laini ikakatika. Nimelinakili, kesho niko Homa Bay, Ijumaa nitakuletea ulitume kwa kompyuta ya ofisini kwenu.

Nilipopita kwake kuaga, Mama Akinyi alinizuia mlangoni. "Na wewe, mwandishi, utasema ulikula nini?"

Nikaingia, nikaketi, nikala. Ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa mtama, nimeandika daftarini.

Wakumbatie watoto, na unilalie usingizi wangu pia.

Kaka yako,
Salim