Moyo Uliofundishwa Kutulia

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na hiyo kazi ya kusimama saluni kutwa? Sisi tu wazima, isipokuwa baba. Juzi alianguka gereji akimfokea mteja. Presha. Yuko wodini, anaongea, lakini mkono wa kushoto mzito. Daktari anataka na mimi nipimwe, maana ugonjwa uko kwenye ukoo. Naogopa, Shangazi. Si mimi ndiye mliyeniita Baruti? Watu wanasema nimemrithi baba mzimamzima.

Mwanao.

15 Februari

Mwanangu Baruti,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo unalalamika kuliko mwenyewe. Habari ya kaka imenikata maini. Nenda kapime, usikimbie.

Ulipoletwa kwangu ulikuwa na miaka minne. Ukinyimwa kitu, unajibwaga sakafuni mpaka wateja wananyanyua miguu. Wakaniambia nikuchape. Lakini mimi na baba yako tulichapwa sana, na yeye hakutulia. Basi nilikuwa namwacha mtu na kichwa nusu kimesukwa, nakaa chini nawe. "Hasira iko wapi?" Unanionyesha kifua. "Haya, ipumulie polepole." Ulipoanza shule ulikuwa unajipumulia mwenyewe. Baruti yako ilishalowa zamani, limebaki jina tu.

Shangazi yako.

20 Machi

Shangazi wangu,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, nilitaka kwanza nipate la uhakika. Kipimo cha kwanza kilipanda kwa woga. Muuguzi akasema, "Tulia, turudie." Nikafumba macho, nikapumua. Kikashuka. Wiki iliyofuata, sawa tena, na moyo hauna neno. Nikamsimulia daktari habari zako. Akasema hawezi kuapa kuwa ni hilo peke yake, ila mtoto akijua mapema kujituliza, moyo wake mara nyingi hunufaika akikua. Niendelee, na nisiache kupima.

Asante, Shangazi. Nilidhani ulikuwa unanibembeleza tu, kumbe ulikuwa unanilea mpaka ndani ya mishipa.

Baba ametoka wodini. Jana nilimsindikiza kliniki, foleni ndefu, mtu mmoja akajipenyeza mbele yetu. Nikaona shingo ya baba inavimba. Nikajua sasa kimenuka. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, kama anayeona haya:

"Hivi, Dada alikuwa anakufanyaje?"

Nikamwonyesha. Tukakaa hivyo, mimi na baba, mpaka akaitwa.

Mwanao akushukuruye.