Nyama Niliyosema Imeiva

Jumatano. Leo upepo umeamka kabla yetu. Unagonga mabati ya mtaa wetu wa Utemini na kuingiza vumbi hadi ndani ya kabati la vyombo. Nimefuta meza mara tatu na bado nahisi ni chafu.

Nina jambo la kuandika na sitaki kuliandika.

Jumapili mama mkwe alikuja kutoka Kinampanda. Hakuwahi kulala kwetu tangu nimzae Rehema, ambaye sasa ana miaka minne. Mume wangu, Yona, alikuwa Shelui kwenye kazi yake ya kutengeneza malori, kwa hiyo tulikuwa watatu tu. Nilitaka mama aone kwamba mwanawe hakuoa mzembe. Na niseme ukweli wote: nilitaka aone maikrowevu.

Nilikuwa nayo wiki mbili. Nilikuwa nimepasha humo chai na wali, basi. Nyama mbichi sikuwahi kuipika. Lakini nilimwambia mama apumzike sebuleni, kwamba mashine hii haihitaji moto wala moshi. Nikaweka nusu kilo ya nyama ya kusaga kwenye bakuli, na kitunguu na nyanya, nikafunika. Kijitabu chake kinasema usimamishe kila baada ya muda, ukoroge na kuvunja mabonge. Mimi nilibonyeza dakika kumi, nikatoka uani kusonga ugali kwenye jiko la mkaa.

Umeme ukakatika.

Nilipofunua bakuli, mvuke ulipanda vizuri na nyama ya pembeni ilikuwa ya kijivu. Nikapitisha kijiko katikati. Bonge la pale lilikuwa jekundu, na baridi.

Makaa yalikuwa bado yanawaka uani. Kuimimina nyama kwenye sufuria na kuiacha ichemke, ni kazi gani? Lakini mama angeniona nikirudi kwenye moto. Nikakoroga hadi wekundu ukapotelea kwenye nyanya.

Mama alionja, akanitazama. "Imeiva hii?"

"Imeiva, mama."

Akala. Mimi nilikula ugali na mchicha, nikasingizia tumbo. Rehema nilimpa maharage ya jana yake.

Kwa hiyo nilijua.

Jana asubuhi mama hakutoka chumbani. Nilimkuta amejikunja, ameshika tumbo, na baadaye nikaona alichokuwa anakificha: anaendesha damu. Nikaita bajaji, tukaenda hospitali pamoja na wifi yangu anayeishi hapa mjini.

Daktari aliuliza mgonjwa amekula nini siku hizi. Mama akawahi kujibu kabla yangu. Akasema ni maji ya kisima cha nyumbani, aliyakunywa bila kuchemsha siku ya safari. Alisema hivyo huku akinitazama mimi, si daktari. Nikaelewa kwamba Jumapili aliuona ule wekundu, na akala kwa sababu nilisema imeiva. Sasa alikuwa ananisitiri, mbele ya binti yake, huku ameshika ukingo wa kitanda kwa maumivu.

Daktari alianza kuandika. Niliitazama kalamu ile ikienda na uongo wetu.

Nikasema si maji. Nikaeleza yote, bakuli, umeme, bonge. Wifi alinigeuzia mgongo. Daktari akaacha kuandika, akauliza nani mwingine alikula. Nikajibu kwa uhakika kabisa kwamba hakuna.

Mama akafumba macho.

"Rehema," alisema. "Ulipokwenda kuleta maji ya kunawa. Nilimlisha vijiko viwili. Ulisema imeiva."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani kwa jirani niliyemwachia mtoto. Nakumbuka tu maneno ya daktari: akianza kuharisha, au akilegea, au mkojo ukipungua, usingoje, mlete.

Mama bado amelazwa, wifi yuko naye. Asubuhi hii amekunywa uji na damu imepungua. Nilimpigia Yona nikamwambia kila kitu, na kwamba mama asilaumiwe kwa vile vijiko. Akasema, "Nakuja. Usimwache mtoto."

Duka langu la fotokopi sijalifungua. Asubuhi yote nimekuwa nikimfuata Rehema chooni kama askari. Tangu asubuhi amekojoa mara moja. Au ni mbili? Nimejiuliza hadi nimechanganyikiwa.

Sasa hivi amekuja kuegemea goti langu, anasema anataka kulala. Ni saa tano asubuhi. Mtoto huyu halali mchana hata umbembeleze. Nimemgusa paji la uso na sijui kama joto ni lake au ni la mkono wangu.

Pengine ni uchovu tu. Pengine ni woga wangu.

Jumapili nami nilijiambia pengine haitamdhuru. Naacha kuandika. Naita bajaji.