Usipande Majani Bado

Al Quoz, Dubai

Mwanangu Faiz,

Picha ya shamba nimeiona. Usipande majani ya ng'ombe bado. Yaache magugu yaote kwanza, kisha uyapalilie juujuu, na ndago uziokote kwa mkono, maana trekta huzitawanya tu.

Dereva wa trekta aliyelima juu ya kaburi la mama yako alikuambia, "Kaka, mimi niliona vichaka tu." Usimtukane. Kaburini palipandwa mirehani tu, hapakuwekwa jiwe. Mbegu zake zitaota pamoja na magugu. Mrehani wowote usiung'oe. Waite waliomzika wakuonyeshe mahali.

Ningekuelekeza mwenyewe, lakini siku ya maziko sikupewa ruhusa kazini. Kaburi la mke wangu sijaliona hata mara moja.

Baba yako,
Jaafar