Swali Nililouliza Mlimani Kagunga

Ikram, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Leo nilikuwa natembeza wageni wawili kwenye ile njia ya miguu ya mlimani, juu ya kijiji cha Kagunga, pale mpakani. Tukakutana na Warundi wanaokimbia vita, wanashuka na magodoro kichwani. Wengi, Ikram.

Mgeni mmoja, mzee mpole tu, akasema, "Waulize, njia yao inachukua muda gani?" Alidhani wanatembea kwa starehe kama sisi.

Na mimi nikauliza. Yaani niliuliza kweli! Nikamsimamisha mama mmoja, nikamuuliza kwa Kiha, si kinakaribiana na Kirundi.

Akanijibu taratibu, "Siku nne. Tulianza watano."

Walikuwa wawili. Yeye na binti mdogo mgongoni.

Mzee akaniuliza kasemaje. Nikasema siku nne. Ile nyingine sikuitafsiri. Akaandika kwenye daftari lake.

Nikampokea yule mama mtoto, nikambeba mpaka ufukweni mwa ziwa. Wageni wakanifuata. Huko chini watu wamejaa hadi majini.

Nimerudi nyumbani Katubuka. Mama kaniuliza safari ilikuwaje, nikamwambia nzuri. Hata sijalia. Mtoto alinikojolea shati, nimekaa nalo tu, sijalivua.