Wino wa Zambarau kwenye Karatasi ya Gaétan

Trois-Rivières,
Jumapili, mwishoni mwa Machi

Kwako Mama Rolande mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Rimouski, na zikukute umekaa karibu na jiko, miguu ikiwa na joto. Goti linasemaje? Nasikia umekataa tena mkongojo, ukamjibu daktari kwamba mkongojo ni wa wazee. Mama, una miaka themanini na minane! Mimi huku ni mzima. Theluji bado imejaa uani, ila imeanza kuwa chafu, kwa hiyo baridi inakaribia kutuaga. Mjukuu wako Annick hajambo naye, anakusalimu sana.

Chupa ya wino uliyonitumia Krismasi ilifika salama, pamoja na maneno yako makali. Ulisema tangu mwanao Gaétan afariki nimekuwa mtu wa kukupigia simu haraka haraka na kukata, na kwamba simu huwezi kuiweka chini ya mto ukaisoma tena kesho. Ukaniagiza niujaribu wino huu kwenye kila karatasi nitakayoipata, kisha nikupe taarifa, maana nawe unataka chupa yako na hutaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Haya, taarifa yako hii hapa.

Nilianzia jikoni. Kwenye karatasi ya kawaida ya mashine ya kuchapia, herufi ziliota manyoya kama viwavi. Kalenda ya parokia, ile inayong'aa, haikuutaka wino kabisa. Ulikaa juu juu kama maji kwenye jani la kabichi, nami nikaupitishia mkono wa sweta, halafu nikajishika shavu. Nilikwenda dukani hivyo hivyo. Dada wa kaunta akaniuliza, "Mama, umepigana na nani leo?" Karatasi ya kufungia nyama iliunywa wote, ukatokea upande wa pili mpaka mezani. Samahani, ni ile meza uliyotupa wewe.

Kisha nikadondosha tone kwenye karatasi laini ya kupangusia, nikaongeza maji kidogo. Mama, ile zambarau ilijigawa! Waridi ikakimbilia pembeni, buluu ikabaki katikati. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, nikashtuka kujisikia. Jiko lile lilikuwa halijasikia kicheko changu tangu mazishi.

Annick aliponikuta na vidole vya zambarau alisema hivi sasa nahitaji watu. Alikuwa amesikia kuna kikundi cha wapenzi wa kalamu za wino kinachokutana maktaba Jumamosi. Nilimwambia sijafika hatua ya kukaa na watu wazima wanaosifia wino. Hakunisikiliza. Alinipeleka kwa gari, akaniacha mlangoni kama mtoto wa chekechea siku ya kwanza.

Mezani nilikaa karibu na bwana mmoja aitwaye Fernand Lacoursière, aliyekuwa fundi wa kujalidi vitabu kabla ya kustaafu. Mkewe alifariki miaka mingi iliyopita. Alipoiona chupa yangu tu, akasema, "Aa, zambarau! Hiyo rangi ni ya maaskofu na ya wanawake wasiosikia la mtu." Nikamjibu kwamba aliyenitumia si askofu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Yeye ndiye aliyenipa karatasi nzito ya pamba, na hapo ndipo nilipouelewa wino wako. Mistari ilikuwa na kingo za giza na katikati nyepesi, na ukiigeuzia dirishani inametameta kama shingo ya njiwa. Kwa hiyo ukinunua, nunua pamoja na karatasi ya namna hiyo. Hapo taarifa ingeweza kuishia.

Lakini unakumbuka zile karatasi za gazeti ambazo Gaétan alikuwa akizileta kutoka kwenye kiwanda chao cha karatasi, mabaki ya mwisho wa roli? Bado ziko chini kwenye ghala la nyumba. Jumamosi iliyofuata nilichukua moja, nikaenda nayo bila kusema ni ya nani. Nilipoandika jina langu, lilivimba mpaka halikusomeka. Bibi mmoja, Huguette, akaichungulia na kusema, "Hiyo ni takataka, dada. Kawashie moto."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka kwamba mume wangu aliitengeneza karatasi hiyo maisha yake yote. Maskini Huguette akawa mwekundu.

Fernand hakunipa pole. Aliichukua karatasi, akaipapasa, akainusa, akasema ilitengenezwa kwa ajili ya mashine inayokimbia, na sisi tunaisimamisha na kuimwagia maji. Kosa si lake. Akatafuta kati ya kalamu zake ile nyembamba kuliko zote, akaniomba ruhusa, akauliza marehemu aliitwa nani. Kisha akaandika jina la Gaétan polepole, akiigusa karatasi kidogo sana, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Wino haukusambaa. Akanipa kalamu ile na kuniambia, "Usiisukume. Iache itembee yenyewe." Na hii barua, Mama, naiandika kwa kalamu hiyo, juu ya karatasi ya mwanao. Ndiyo maana herufi ni ndogo.

Tangu hapo amekuwa akija nyumbani. Anakula supu yangu ya njegere na kuizidishia pilipili manga, tunajaribu wino, tunagombana kuhusu karatasi. Ananiuliza habari za Gaétan: alipenda nini, alinuna vipi. Watu wengine wote walikuwa wameacha kulitaja jina lake mbele yangu, kana kwamba nitavunjika.

Mama, nimezunguka vya kutosha. Fernand ameniomba nimwoe na yeye anioe, ndivyo alivyosema, kwa kubabaika. Tulikuwa kwenye sinki tunasafisha kalamu, mikono yetu minne ya zambarau. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikasema ndiyo. Tumepanga mwezi wa Juni. Hata Annick sijamwambia. Nilitaka ulijue wewe kwanza.

Sikuombi ruhusa, nitakuwa nakudanganya nikisema naomba, maana nimeshaamua. Ninachoogopa ni kingine. Nilipoingia nyumbani kwako nilikuwa msichana asiye na mama. Hukuniita mke wa Gaétan hata siku moja, uliniita "Binti yangu". Ulinifundisha kukanda unga, ulikaa nami hospitali Annick alipozaliwa, na siku ya mazishi ni wewe uliyenishika mimi, ilhali aliyelazwa pale alikuwa mtoto wako. Sasa nakuwa mke wa mtu mwingine, na nimejiuliza wewe utakuwa nani kwangu. Sijapata neno. Nataka hili hili nililo nalo: Mama.

Nilipomweleza Fernand, alisema nikuambie hivi: "Simchukui binti yake. Mimi ndiye ninayeomba nafasi mezani kwake." Kanisani, kiti cha mbele upande wangu ni cha mama wa bibi harusi. Sina mwingine wa kumkalisha pale.

Nisalimie Shangazi Thérèse na majirani wote wa huko, na umwambie padri wako akuombee goti. Nakubusu mikono yote miwili. Nijibu, Mama, hata kama umekasirika. Nitafungua bahasha nikitazama mstari wa kwanza tu. Ukiwa umeanza na "Binti yangu", yaliyobaki yanaweza kuwa matusi matupu na mimi nitayasoma kwa furaha.

Ni mimi mwanao,
Marielle