Cherehani Walichodhani ni Ngoma

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na ukiichapisha barua hii usitaje jina langu, sitaki darasani wanijue, maana mimi hata mwalimu akiita majina huwa naitikia kwa kunong'ona. Mama yangu ni fundi wa nguo, chumba chake cha kushonea ndimo ninamolala, na alizaliwa kisiwani, kisiwa kidogo ambacho nyimbo zake mtandaoni huzipati hata utafute mpaka vidole viote sugu, na yeye hataki kukizungumzia, nikimuuliza anasema kule hakuna anayemkumbuka tena, hebu niletee pasi. Lakini akikanyaga cherehani, anaimba, kwa lugha ya kwao ambayo hakunifundisha. Anadhani ile kelele inamficha. Cherehani kikisimama naye anasimama, hata katikati ya neno, nami nabaki na kitabu ninachojifanya nakisoma, natamani shati la mteja lingekuwa na mikono mitatu.

Basi nikamrekodi bila yeye kujua, nikaweka mtandaoni, sauti tu, bila picha, nikaandika kwa lugha zote mbili za shule kwamba huu ni muziki wa kisiwani na haustahili kufa kimyakimya. Nilidhani watasikiliza watu wawili, mmoja wao mimi. Wakaja wengi, mwanamuziki mmoja akauliza ile ngoma inayokwenda chini kwa chini imewambwa ngozi gani, nikaona aibu kumwambia ni cherehani chenye mkanda uliolegea. Wakauliza wimbo unasema nini. Shuleni nafaulu lugha mbili, mshauri, na katika ile ya mama yangu najua tu mahali anapovuta pumzi.

Halafu juzi akaandika mama mmoja wa kisiwani: "Huyu si Chiriku? Mwambieni ubeti wa mwisho tumeusahau huku, aliyekuwa nao ni marehemu mama yake."

Sikujua mama aliwahi kuitwa Chiriku, huyu anayeongea na wateja akiwa na pini mdomoni ili asiongee sana. Nimeusoma ujumbe ule mpaka naweza kuuimba. Nikimwambia, atajua nilimwibia sauti, na naogopa hataimba tena, nisipomwambia, ataendelea kuamini hakuna anayemkumbuka. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mnong'ono

*

Mwanangu Mnong'ono,

Shati la mikono mitatu limenichekesha, kisha nikaacha kucheka. Umefanya jambo jema kwa kupitia mlango wa nyuma. Muziki wa visiwani unahitaji watu wa kuusambaza, hapo sikupingi, lakini wimbo huo kabla ya kuwa wa kisiwani ulitoka kwenye koo la mama yako, na koo la mtu huombwa. Mnaishi chumba kimoja, hodi ingekupunguzia nini?

Unaogopa mama atanyamaza. Kimya mnacho tayari. Mmoja anaimba akidhani hasikiki, mwingine anasikiliza akijifanya anasoma, na katikati yenu kuna cherehani.

Kwanza, uondoe wimbo mtandaoni leo, ila ule ujumbe uuhifadhi. Subiri amalize nguo ya mteja na atoe pini mdomoni. Usimwonyeshe idadi ya waliosikiliza, hiyo ni sifa yako wewe. Mwambie, "Mama, nilikurekodi bila kukuomba, nisamehe," kisha msomee maneno ya yule mama, uanzie hapo kwenye "Huyu si Chiriku?" Ukimaliza, funga mdomo. Kunyamaza unakuweza, safari hii kutakufaa.

Atagomba, na ana haki. Akisema wimbo usirudi, usirudi, na wewe umjibu yule mama wa kisiwani kwa adabu. Akikubali, andika jina atakalotaka yeye, na ile ngoma uiite cherehani, bila aibu, maana ndicho kilichokulisha.

Akikaa siku kadhaa bila kuimba, usimbembeleze. Siku atakapokanyaga tena, simu iache mbali, kitabu kiweke chini, umuulize neno moja maana yake nini. Kisiwani wanamwomba ubeti wa mwisho. Wewe hata wa kwanza hujamwomba.